Siku Mkavu Alipoloweka Mkaa

Shemeji yangu alikuwa mchoma mkaa, na sokoni kote alijulikana kwa jina moja tu: Mkavu. Hakulipata kwa tabia, maana ni mtu mpole kupita kiasi, wa kuomba radhi hata akikanyaga kivuli chako. Alilipata kwa sababu ya mkaa wake. Wapo wauzaji wanaomwagia gunia maji kwa siri ili lipande uzito, na mnunuzi akifika nyumbani anapuliza jiko mpaka machozi yanamtoka. Mkaa wa shemeji haukuwa hivyo. Ulikuwa mwepesi, ukigonganisha vipande viwili vinalia, na wanawake walikuwa radhi kumsubiri yeye kuliko kununua kwa mwingine.

Mimi ni mdogo wa mke wake. Nashona nguo kwenye baraza ya nyumba ileile wanayopanga, chumba changu kikitazamana na chao, kwa hiyo karibu yote ninayosimulia hapa niliyaona nikiwa kwenye cherehani, mguu ukikanyaga na macho yakizurura. Watu husema nina mdomo. Ninao, na sijawahi kuuficha.

Kwa miaka mingi Mkavu alikuwa mume wa kuja na kuondoka. Alikaa porini miezi, akaja nyumbani akiwa mweusi mpaka ndani ya masikio, akala, akalala, akaacha matumizi, akarudi alikotoka. Dada alilea watoto mwenyewe mpaka wakaoa, wakaolewa na kutawanyika. Na alilea kitu kingine pia. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja kitupu cha mwenye nyumba. Dada alikiomba, akang'oa magugu, akaokota chupa na vyuma chakavu, akapanda mchicha. Baadaye spinachi, nyanya, bilinganya na hoho. Akaweka meza kwenye mlango wa uani, na mtaa mzima ukaanza kumwita Mama Mchicha. Bustani ile ndiyo iliyomtoa dada yangu kwenye unyonge, na kadiri matuta yalivyoongezeka nilimwona akitembea kichwa juu.

Kisha msitu ukafungwa, kukata miti kukapigwa marufuku, na Mkavu akarudi nyumbani jumla, akiwa na sepetu na kikohozi.

Nasema wazi kwamba mwanzoni alinichosha. Mtu aliyezoea kibanda cha majani peke yake, ukimweka chumba kimoja na mke hajui aweke wapi miguu. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni. Alitengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Alisimama karibu na meza ya mboga akidhani anasaidia, kimya, mikono nyuma, mpaka wateja wakadhani ni askari na kuanza kupitia upande wa pili. Dada alimeza maneno, lakini mimi ninayemjua tangu tukiwa watoto niliona jinsi anavyoosha sufuria kwa nguvu.

Na mwaka ule bustani yenyewe ilikuwa inakufa. Dada alikuwa amepanda mchicha juu ya mchicha bila kuupumzisha udongo, na kila ulipodhoofika aliutia mbolea ya dukani, kila msimu kiganja kikubwa zaidi. Udongo ukawa mgumu na mweupe juu. Ukimwaga maji, yalitambaa tu yakaenda kujikusanya ukutani. Miche ilitoka, ikachungulia dunia, ikabaki palepale na majani mawili matatu ya njano.

Mwenye nyumba naye si kipofu. Alikuja asubuhi moja, akazunguka matuta polepole, kisha akasimama mbele ya dada.

"Mama Mchicha, mchicha uko wapi?"

"Udongo umechoka, mzee."

"Basi upumzike. Kuna fundi wa matofali ya saruji hanipi usingizi, anataka sehemu ya kuanikia. Nakuheshimu, ndiyo maana nakupa mpaka mvua hizi zinazokuja ziishe. Nikikuta bustani, itabaki bustani. Nikikuta jangwa, nampa fundi."

Alisema bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniudhi, maana mtu mstaarabu huwezi hata kumchukia vizuri. Jioni ile tulikaa mlangoni tukimenya vitunguu, na dada akasema bila kuinua kichwa: "Bustani ikienda, mimi nabaki na nini? Nitakaa kwenye kiti kile nimtazame mtu, na yeye anitazame, mpaka mmoja wetu achoke." Mtu mwenyewe alikuwa hatua chache kutoka pale akigongelea misumari kwenye mlango mzima. Nyundo ilisimama.

Siku chache baadaye bibi shamba alikuja mtaani kuwafundisha wanawake wenye bustani za nyumbani. Ni binti mrefu, anavaa buti za mvua hata jua likiwaka, na ukimuuliza swali hafanyi haraka kujibu, kwanza anakutazama kuona kama unataka jibu kweli. Dada alikwenda kwa shingo upande. Alirudi anakimbia. Alinipita pale barazani bila hata kunisalimia, akaenda moja kwa moja kwa mume wake.

"Baba watoto, mtu akitaka mkaa wa magunzi ya mahindi na vipande vya mbao, mkaa wa kusaga, anauchomaje?"

Mkavu akainua uso. "Wa kupikia?"

"Wa kutia kwenye udongo."

Nadhani alifikiri mke wake amepata homa. Lakini alianza kujibu, na alasiri ile nilimsikia akisema maneno mengi kuliko aliyoyasema tangu arudi. Alieleza jinsi moto ukipata hewa unavyokula mpaka majivu, na jinsi ukiunyima unavyobakiza mkaa. Alieleza moshi mweupe maana yake nini na moshi wa bluu maana yake nini. Dada alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akimsikiliza, na mimi nilishona mkono wa shati upande usio wake kwa sababu ya kuwatazama.

Bibi shamba alikuja mwenyewe kuwaeleza yaliyobaki. Aliokota kipande cha mkaa jikoni akakiinua juu.

"Ndani ya hiki kuna vyumba vidogo vidogo vingi sana, hamwezi kuviona. Vinashika maji, vinashika chakula cha mmea, na vijidudu wema wa udongo wanapenda kukaa humo. Bakteria, kuvu, wale wanaovunjavunja mabaki na kuipa mizizi chakula. Udongo wenu hauna hata nyumba ya kuwaweka. Sasa nyumba tutajenga kwa mkaa. Lakini wapangaji lazima waingie kwanza, pamoja na chakula chao, ndipo mkaa uende shambani. Mmenielewa?"

Tukasema tumeelewa. Akatufundisha kuwatafuta hao wapangaji. Unakwenda kwenye miti ya zamani isiyopigwa dawa, unafunua majani yaliyooza, unachukua udongo mweusi wa chini yake. Unauchanganya na pumba na molasi kidogo kwenye pipa la maji, unaacha uchachuke. Maji ya bomba yalazwe kwanza wazi, maana dawa iliyomo ya kuua vijidudu haichagui mwema na mbaya. Halafu mkaa uliosagwa unalowekwa kwenye mchanganyiko ule mpaka ushibe, unachanganywa na mboji, unafunikwa kivulini wiki kadhaa.

"Kuloweka ni kitu cha lazima," alisema mara mbili, na mara zote mbili Mkavu aliitikia kwa kichwa.

Dada akamgawia nusu ya bustani, upande wa ukutani. Mimi nilimvuta pembeni.

"Unampa nusu ya bustani mtu ambaye hajawahi kupanda hata kitunguu?"

"Nampa mume wangu."

"Ndiye huyohuyo ninayemsema."

Alinitazama kwa jicho ambalo amekuwa akinitazamia tangu nina miaka sita, nikarudi kwenye cherehani.

Kuchoma alichoma, na hapo lazima nimpe haki yake. Alijaza pipa la chuma magunzi na mabaki ya mbao kutoka kwa seremala, akawasha kutoka juu, akasimama akitazama moshi kama mpishi anayetazama maziwa. Ulipogeuka rangi alifunika, akaziba kingo zote kwa udongo, akakaa kando akilinda asije mtu akafunua. Alipofungua, mkaa ulikuwa unang'aa. Aliutia kwenye gunia akautwanga kwa mchi mpaka vumbi likamfanya awe yule Mkavu wa zamani, macho na meno tu. Aliurundika chini ya paa na kuufunika turubai, akazunguka rundo kukagua kama kuna tone linaloweza kupenya. Nilimwona anatabasamu, mara ya kwanza tangu arudi.

Siku ya kuloweka, dada alikuwa amekwenda kutafuta mbegu, nami nilikuwa na sare za shule za kumalizia. Mkavu alikwenda nyuma ya nyumba na ndoo. Dada aliporudi akamwambia, "Tayari." Wiki zilipopita akauchanganya na udongo wa upande wake, wakapanda miche siku moja, yeye kule na dada huku, na mvua zikaanza.

Upande wa dada miche ilikuwa dhaifu kama kawaida yake. Upande wa Mkavu ilikuwa mibaya zaidi. Ilisimama siku chache, kisha ikafifia, rangi ikaitoka kuanzia majani ya chini, na mingine ikalala. Dada hakusema neno. Mimi nilisema ya watu wawili, tena kwa sauti ya kusikika uani.

Mkavu alikuwa anaamka kabla ya wote, unamkuta amechuchumaa mbele ya tuta, kidole kwenye udongo, na akikuona anainuka upesi. Nilipomwona hivyo mara ya tatu au ya nne nilianza kumwonea huruma, jambo ambalo liliniudhi zaidi.

Dada akamwita bibi shamba. Alikuja na buti zake, akachimba kwa mkono katikati ya tuta, akatoa kipande cha mkaa cha ukubwa wa punje ya mahindi. Akakivunja. Ndani kiling'aa, kikavu kabisa. Alipopuliza, vumbi lilipaa.

"Mkaa mlioloweka ndio huu?"

"Ndiyo," dada akajibu. "Aliloweka kama ulivyosema."

Bibi shamba hakubisha. Aligeuza macho taratibu, yakafika kwenye mpapai mzee ulio karibu na bafu, ambao hata mimi nilikuwa nimeushangaa. Miaka yote ulikuwa mti wa kutundikia matambara ya kudekia. Sasa ulikuwa na majani mapana ya kijani kibichi, tena umeanza kutoa maua.

"Na huu mpapai mmeupa nini?"

Mvua nyepesi ilikuwa inaanza tena na tulikuwa tumesimama pale wote wanne, tunautazama mpapai.

"Sikuloweka," Mkavu akasema.

Mimi ndiye niliyelipuka. Nilisema mambo ambayo siyaandiki hapa, kuhusu wanaume, pori, na watu wanaorudi nyumbani kuja kumalizia kilichobaki. Dada alinyanyua mkono kidogo, nikanyamaza.

"Ungeniambia," akamwambia mume wake.

"Ungesema niloweke."

"Ndiyo."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Kisha akaeleza, akiwa ameinamisha uso kama mtoto aliyefikishwa kwa mwalimu mkuu. "Mama watoto, kule porini mtu anayeloweka mkaa hatuli naye sahani moja. Baba yangu ndiye aliyenifundisha kazi hii. Hakuanza kunifundisha kuchoma, alianza kunifundisha kufunika usilowe. Siku ile nilishika ndoo. Nikaiinua juu ya mkaa. Mkono ukagoma. Nikasema labda haidhuru, mkaa ni mkaa. Yale maji ya vijidudu nikayamwaga pale kwenye mpapai."

Bibi shamba aliuma mdomo, na nilijua anazuia kicheko, lakini aliposema alisema kwa heshima. "Mzee wangu, mkaa huu si wa kuuza. Hakuna unayemwibia."

"Kwa kichwa najua."

"Sasa sikiliza kilichotokea. Uliupa udongo nyumba tupu yenye njaa. Vyumba vyote vile vikaanza kuvuta chakula na kujijaza vyenyewe kwanza, na mchicha ukakosa. Mkaa wenyewe haujapotea, bado upo humo. Mwagieni maji ya vijidudu na mboji juu yake, utashiba pole pole. Na mchome mwingine, mloweke kweli safari hii. Mvua bado zipo, lakini hakuna siku ya kuchezea."

Alipoondoka, mimi nilibaki nikisubiri dada aidai nusu yake. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno ya kumuunga mkono. Dada alifuta matope mikononi, akamtazama mume wake muda mrefu.

"Choma mkaa mwingine, na pipa jipya likichachuka utaloweka," akasema. "Na mimi nitaweka kiti hapa nikuone. Utaloweka wa pande zote mbili. Wa kwako na wa kwangu."

Nilimfuata mpaka jikoni. "Dada, umerogwa? Kakuharibia nusu, unampa na iliyobaki?"

Alikuwa anawasha jiko, akapuliza kwanza mpaka likashika. "Wewe umemsikia vibaya," akasema. "Miaka yote hii nimekaa hapa sijui huko porini ni mtu wa namna gani. Leo nimejua. Mtu ambaye mkono wake unagoma kufanya hata kitu kinachofanana tu na wizi, nimwogope kwa lipi? Atajifunza kuloweka. Kile kingine hakifundishwi ukubwani."

Nikachukua kisu nikaanza kumkatia vitunguu.

Asubuhi ya kuloweka dada aliweka kiti chake uani kweli. Habari zilikuwa zimeshaenea, maana mtaa wetu hauna siri, na wanawake wa sokoni waliokuwa wateja wa Mkavu wakaja kushuhudia, wengine na watoto mgongoni. Mkaa mpya ulikuwa kwenye beseni kubwa la bati. Pipa la mchanganyiko lilikuwa kando, povu juu, likinuka uchachu mtamu. Mkavu alichota ndoo, akasogea, akasimama. Aliangalia kulia na kushoto kama anayeogopa wachomaji wenzake wasije wakatokea ukutani.

"Mwaga, jamani, tuna sufuria motoni," mmoja akasema, na watu wakacheka.

Dada hakucheka. "Baba watoto," akasema kwa upole, "huo wa kwangu. Mimi ndiye ninayeununua, na mimi nautaka umelowa."

Akamwaga. Mkaa ulitoa sauti ya mnong'ono, mapovu yakapanda, na maji yote yakazama kana kwamba beseni limetoboka. Akamwaga ndoo nyingine, nayo ikanywewa. Ya tatu pia. Mkavu aliinama kutazama, mshangao umemjaa usoni. Maisha yake yote alikuwa ameukinga mkaa na maji, hakuwahi kujua una kiu kiasi kile. Alipoinuka mashavu yalikuwa yamelowa, na hakuna aliyemtania kwa hilo.

Walichanganya na mboji kwa sepetu, wakapima kwa ngumi kama walivyoelekezwa, kiganja kilowe lakini kisidondoshe tone. Wakafunika kwa magunia kivulini. Baada ya muda dada alifunua akapiga ukelele mdogo. Rundo zima lilikuwa limetambaliwa na nyuzi nyeupe nyembamba, akadhani limeoza, akataka kulitupa. Mkavu alimshika mkono. Alipiga magoti, akachota konzi, akanusa.

"Usitupe. Hii harufu naijua. Ukifunua majani chini ya miti mikubwa, udongo wake unanuka hivi. Huo weupe ndio unaokula majani makavu. Nimelala juu yake miaka mingi." Akanusa tena. "Iko sawa."

Bibi shamba alipokuja alithibitisha kuwa ndiyo kuvu wema wenyewe. Wakatia konzi moja kwenye kila shimo la mche, pande zote mbili, na kwenye matuta ya zamani wakamwagilia maji ya vijidudu. Kwa muda hakikutokea kitu, nasi tulikuwa roho juu, maana mvua zilikuwa zimefika katikati. Mimi nilikuwa nachungulia dirishani kila nikimaliza kushona kola. Dada hakuwa analala vizuri, niliona kwa macho yake.

Kisha asubuhi moja niliona mchicha umesimama. Sijui kusema vingine. Majani yalikuwa yamenyooka, yenye kijani kizito, na tangu hapo kila siku yaliongeza. Spinachi ikatanua. Nyanya zikahitaji miti ya kuegemea. Maji ya mvua hayakutambaa tena kwenda ukutani, yalizama yalipodondokea. Mkavu aling'oa mche mmoja wa mchicha kwa ajili ya kutuonyesha mizizi, imejaa kama ndevu, na ndani yake punje za mkaa zimekumbatiwa hazitoki. Alinionyesha mimi kwanza. Nikamwambia, "Shemeji, nimeona," na nilikuwa naomba msamaha, na nadhani alielewa.

Mvua ziliisha, na mwenye nyumba akaja. Hakuja peke yake. Alikuwa na fundi wa matofali, jibaba lenye viatu vilivyoganda saruji na kamba ya kupimia begani. Nilipoiona ile kamba niliacha cherehani nikatoka. Dada alisimama kwenye meza yake, ameshika fungu la mchicha, hajui aliweke wapi.

Mwenye nyumba alisimama mwanzoni mwa matuta. Fundi ndiye aliyeingia, haraka kama mtu mwenye kazi nyingi, akakanyaga sehemu iliyovunwa ili afunge kamba yake ukutani. Mguu ukazama mpaka kwenye kifundo. Akautoa, akakanyaga pengine, ukazama tena. Akabaki amesimama mguu mmoja, ameshikilia mti wa nyanya.

"Mzee," akasema, "ulinionyesha mahali hapa pagumu kama sakafu. Tofali bichi nikilianika hapa litalala upande. Mahali hapa pamekufa."

Halafu akatazama chini kwenye kiatu chake kilichojaa udongo mweusi unaomeguka, akatazama spinachi iliyomfika gotini, akajisahihisha. "Yaani, kwa matofali."

Mwenye nyumba aliinama, akachuma jani moja la spinachi bila kuomba ruhusa, akalitafuna bichi. Alilitafuna lote mpaka akamaliza.

"Itabaki bustani," akasema. "Udongo huu umeutoa wapi, Mama Mchicha?"

"Ni uleule wako, mzee. Muulize huyu hapa."

Mwenye nyumba akamgeukia Mkavu. Shemeji yangu alisafisha koo, akanyoosha shati, akasema kwa sauti ya mtu aliyesimama kizimbani:

"Nimeloweka mkaa."

Dada ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaishikilia meza, akaliangusha lile fungu, na sisi wote tukacheka naye, hata fundi akiwa bado na mguu mmoja juu. Kisha nikaona kicheko cha dada kimegeuka kilio, na Mkavu ameenda kusimama karibu naye, mikono nyuma, hajui afanye nini. Dada alimvuta mkono mmoja kutoka kule nyuma akaushika.

Kesho yake niliamka nikakuta kamba ya kuanikia imejaa nguo za kiume mwanzo hadi mwisho. Mashati, suruali, sweta la baridi, hata kofia. Dada alikuwa bado anakamua nyingine.

"Unafua za mtaa mzima?" nikamuuliza.

"Ni za shemeji yako."

"Zote hizi?"

"Zilikuwa kwenye begi chini ya kitanda. Tangu arudi anaishi kwenye begi, anatoa moja anarudisha moja. Nilikuwa nafagia nalipitia pembeni kila siku." Alikunguta shati moja, akalibana kwenye kamba. "Leo asubuhi ameniomba nafasi kabatini."

Niliutoa mswaki mdomoni.

"Umempa?"

"Nimempa rafu mbili," dada akasema. "Ya tatu ina vitambaa vyako ulivyoniwekea. Vitoe leo."